Mzigo Wote kwa Bei Moja: Maneno Kuhusu Kuuza Fungu la CD za Muvi Mtandaoni



Ndugu zangu katika imani, kila wiki naliona tangazo la aina hii kwenye makundi ya kuuza na kununua: “CD za muvi zaidi ya 200, nauza zote kwa pamoja, sichagulishi, hakuna kurudisha, aliye siriasi aje inbox.” Chini yake kuna picha moja ya boksi, na juu ya boksi zinaonekana CD tatu au nne. Nyingine zote ziko gizani.

Wengi mmeniuliza hukumu yake nikawajibu kwa kifupi. Leo nitaandika kwa urefu, kwa sababu suala hili lilinifikia safari hii likiwa mirathi, na ndani ya mirathi hiyo mna mayatima. Wenyewe wameniruhusu kulieleza bila kuwataja.

Anayeijua Dindira anajua iko wapi: juu kwenye milima ya Usambara, wilaya ya Korogwe, mahali pa chai na ukungu, ambapo ukitoka Korogwe mjini na shati jepesi utajuta. Zamani jioni ikiingia huko hapakuwa na mambo mengi ya kufanya. Mtu akitoka shambani ataswali, atakula, na kama ana shilingi mfukoni atakwenda kwenye banda la video. Mabenchi ya mbao, TV ya chogo, genereta linanguruma nyuma ya ukuta. Ilianza kanda, zikaja VCD, ambazo moja hubeba dakika 74 hadi 80 tu, ndiyo maana muvi moja ilikuwa inakuja kwa CD mbili. Zikaja DVD. Zikaja muvi za Kihindi na za Kichina ambazo jamaa anatafsiri kwa Kiswahili juu kwa juu, na zikaja muvi zetu za Bongo, Part 1 na Part 2, kila moja na kava lake na bei yake. Kisha ikaja simu yenye memori kadi, na banda likabaki na mabenchi.

Mwenye banda mmoja wa huko alifariki mwaka jana, Allah amrehemu. Aliacha mke, kijana mkubwa wa miaka 19, na wadogo wawili wanaosoma shule ya msingi. Aliacha genereta, deki mbili, na magunia mawili ya CD.

Kijana alinijia baada ya swala ya Alasiri. Akaniambia, “Shekhe, mama yuko eda, ndiye kanituma.” Akanionyesha simu. Alikuwa ameshaweka tangazo, na mteja ameshapatikana, mtu wa Dar es Salaam: shilingi 150,000 kwa magunia yote mawili, atumiwe kwa basi. Mama alitaka kujua tu kama pesa hiyo inagawiwa kimirathi au inaingia moja kwa moja kwenye sare na madaftari ya watoto.

Nikamwomba anisomee mazungumzo yake na yule mteja. Akasoma, akafika mahali akanyamaza, akanipa simu nisome mwenyewe. Mteja alikuwa ameuliza, “Zile za wakubwa zimo?” Kijana akajibu, “Zimo.” Hapo ndipo bei ilipopanda kutoka 60,000 hadi 150,000.

Ndugu yangu, fungu ni jambo la halali. Kuuza vitu vingi kwa bei moja bila kuvihesabu kimoja kimoja kumekuwepo tangu zama za Mtume (s.a.w), watu wakiuza lundo la nafaka kwa kuliona tu. Tatizo ni kile ambacho fungu linaweza kukifunika. Katika Sahihi Muslim imo habari ya Mtume (s.a.w) kupita sokoni kwa mtu aliyeweka lundo la chakula. Juu kulikuwa kukavu. Akaingiza mkono ndani, vidole vikakutana na unyevu. Akamuuliza mwenyewe, naye akasema ni mvua. Mtume (s.a.w) akamuuliza kwa nini asiuweke ule uliolowa juu watu wauone, kisha akatoa lile onyo kali mnalolijua juu ya mwenye kughushi.

Tazama vizuri kisa hiki. Yule mtu hakusema uongo. Hakusema chakula changu ni kikavu. Alilipanga lundo tu, likasema kwa niaba yake. Na ile picha ya boksi yenye CD tatu juu inasema kwa niaba yako.

Tukaenda nyumbani kwao. Babu yao mzaa baba yu hai, na kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i, baba akifa, walii wa mali ya watoto wadogo ni babu huyo. Si kaka mkubwa, hata akiwa na simu nzuri. Hili wengi hulisahau: kijana anauza mali ya wadogo zake mtandaoni na hakuna aliyempa mamlaka. Mzee akaketi nasi barazani, tukatandika mkeka, tukamwaga magunia yote mawili, tukahesabu. CD 312.

Kazi ya kuchambua ilituchukua hadi karibu na Magharibi, na nitaieleza jinsi ilivyokwenda kwa sababu ndiyo hasa jibu la swali.

Lundo la kwanza ni zile za wakubwa. Tulizijua kwa makava na kwa maandishi, hatukuwasha deki kuthibitisha. Mzee alivua koti lake akalifunika lundo hilo, na kila ikipatikana nyingine inaingizwa chini ya koti. Zilifika 41. Hizi hazina mjadala. Kitu ambacho manufaa yake yote ni haramu hakihesabiwi kuwa mali kisheria, basi mayatima hawakupoteza kitu zilipoharibiwa, kwa kuwa hawakurithi kitu ndani yake.

Lundo la pili lilikuwa kubwa kuliko yote: kopi. Utazijua kwa kuzigeuza. CD iliyotoka kiwandani chini yake ni rangi ya fedha. Iliyochomwa kwenye kompyuta ina rangi ya zambarau au kijani au samawati, na juu mtu ameandika kwa kalamu nzito. Nikaweka humo pia zile zenye muvi 20 katika CD moja, ambazo kwa macho zinafanana na za kiwandani, lakini mwenye akili anajua hakuna mtengenezaji muvi anayeuza kazi zake 20 kwa bei ya soda. Jumla 147.

Lundo la tatu ni orijino, zenye kava la msambazaji, na nyingine zenye stempu ya TRA, ile iliyoanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013. Zilikuwa 83. Nyingi ni vichekesho, zikiwemo za marehemu King Majuto, mtu wa Tanga huku huku kwetu, aliyefariki Agosti 2018, Allah amsamehe na atusamehe. Lundo la nne, CD 29 za visomo vya Qur'ani, mawaidha na qaswida.

Zikabaki 12 zisizo na neno lolote. Kijana akasema tuzitupe. Babu akakataa, akasema ziwekwe kwenye deki zionekane mwanzo tu, na ikitokea la kuchukiza izimwe. Tisa hazikusoma kabisa. Tatu zilikuwa za kurekodiwa hapo hapo kijijini: harusi mbili na maulidi. Ndani ya harusi hizo wamo wanawake wa watu, wako ndani kwa ndani, vichwa wazi, wanacheza wakijua wako wao kwa wao. Zilikuwa njiani kwenda Dar es Salaam ndani ya gunia la “zote kwa pamoja”. Nawauliza nyinyi mnaouza bila kuchambua: mnajua aibu ya nani imo kwenye boksi lenu? Tatu hizo zilirudishwa kwa wenyewe. Katika ile ya maulidi marehemu alionekana akigawa kahawa, na kijana aliiomba abaki nayo.

Sasa tuingie kwenye fiqhi.

Wanazuoni wetu wana mlango wanaouita tafriiqus-swafqa, yaani kuutenganisha mkataba mmoja. Mfano wao maarufu ni mtu aliyeuza siki na pombe kwa pamoja, kwa bei moja. Imamu An-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameutaja katika Minhaaj, kitabu ambacho masheikh wetu wa pwani wamekisomesha vizazi kwa vizazi. Kauli aliyoipa nguvu ni kwamba mauzo yanasihi kwenye siki na yanabatilika kwenye pombe. Mnunuzi ikiwa hakujua ana hiari ya kuvunja mkataba. Akikubali kuendelea, analipa sehemu ya bei inayolingana na kile cha halali tu. Ipo kauli nyingine ndani ya madhehebu kwamba mkataba wote unaanguka.

Iweke hukumu hiyo juu ya magunia yetu. Mteja ametoa 150,000. Katika hizo, 90,000 zilipanda kwa ajili ya CD 41. Kwa kauli nyepesi kabisa, pesa hiyo ya nyongeza haiingii kwenye miliki ya mayatima hata siku moja. Itakaa mkononi mwao kama pesa ya mtu mwingine. Watanunulia sare, wataivaa, na haikuwa yao. Kwa hiyo anayesema “ziuze tu, ni mayatima, Allah ataelewa” hajawaonea huruma mayatima.

Kuhusu kopi najua baadhi yenu mtapinga, kwa sababu tumezoea. Tumeishi miaka mingi CD ya kuchoma ikiuzwa stendi kama karanga. Lakini Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, ilipitisha kwamba haki za utunzi na ubunifu ni haki za wenyewe, zinalindwa kisheria, na haifai kuzivamia. Na nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mtu akiniambia “lakini hao waigizaji kazi zao zenyewe zina makosa”, namwambia makosa ya mtu hayahalalishi jasho lake. Aliyeshika kamera, aliyebeba taa, aliyepika chakula cha waigizaji, wote walikuwa wanasubiri CD orijino iuzwe ndipo walipwe.

Orijino uliyoinunua kwa pesa yako ni mali yako, ikiwa kilichomo hakina uchafu, na ukiiuza ikiwa imetumika hakuna ubaya. (Kuionyesha kwa kiingilio ni idhini nyingine, na hilo limekwenda na mwenyewe.) Najua wapo masheikh watakaosema muvi zote zivunjwe, na wapo watu watakaosema zote ziuzwe. Mjadala wa muvi ipi inatazamika nimeuacha pembeni makusudi. Hapa nazungumza na mtu mwenye gunia mkononi.

Tulipofika kwenye kopi kijana aliacha kuchambua. Akauliza, huku anaangalia mkeka, “Shekhe, hizi zikiendelea kuonyeshwa huko, baba anaandikiwa?”

Hili ndilo swali zito kuliko yote ya siku ile, na sikulijibu haraka. Kwenye Suratu Yaasin, aya ya 12, Allah (s.w) ametufahamisha kwamba yanaandikwa waliyoyatanguliza watu na athari walizoziacha. Na tumefundishwa kwamba anayeanzisha njia mbaya hubeba sehemu ya wanaoifuata. Lakini nilimwambia: hesabu ya baba yako iko kwa Mwenye kurehemu, wewe na mimi hatukuitwa kuisoma. Tunachojua ni kwamba leo athari yake imemwagwa hapa mkekani, na mkono unaoishika ni wako. Mtoto mwema anayemuombea mzazi wake ni katika mambo yasiyokatika. Anayezuia ubaya usiendelee kutembea kwa jina la baba yake naye amemfanyia wema.

Babu hakusema kitu. Alichukua CD ya kwanza kutoka chini ya koti akaivunja.

Hapa niseme jambo dogo la kiufundi, kwa kuwa nimeona watu wakifanya vibaya: msizichome moto. Ni plastiki ngumu, moshi wake ni sumu na watoto wanacheza karibu. Na kukwaruza ule upande unaong'aa hakutoshi, mtu anaweza kuusugua CD ikasoma tena. Kwenye CD na VCD, data iko karibu na upande wa juu, wenye maandishi. Kwaruza hapo kwa msumari. DVD data yake iko katikati ya vipande viwili vya plastiki, hiyo ivunje kabisa, na uifunge kwenye kitambaa kwanza kwa sababu vipande huruka machoni.

Mama akapelekewa habari ndani. Jibu lake lilikuja kupitia kwa kijana, nalo lilikuwa la haki: “Mwambieni shekhe nimesikia, lakini shule inafunguliwa Jumatatu ya wiki ijayo.” Nalitaja hili ili msidhani mambo haya ni rahisi mtu akishajua hadithi. Mjane aliyekosa 90,000 amekosa 90,000.

Tukahesabu kilichopo. Marehemu alikuwa na deni la 180,000 kwa jirani, na deni hulipwa kabla mrithi yeyote hajagusa kitu. Genereta ni chombo cha halali, aliyelitumia kwenye banda na atakayelitumia kwenye mashine ya kuranda mbao kila mmoja na nia yake. Fundi seremala akalichukua kwa 200,000. Deni likaisha, zikabaki 20,000. Zile CD 29 za mawaidha mtu mmoja alisema ziwe sadaka kwa madrasa. Nikamzuia: walii hana ruhusa ya kutoa sadaka mali ya mayatima. Madrasa ikazinunua, shilingi 500 kila moja, 14,500.

Zikabaki zile 83, na hizo ndizo zilizouzwa mtandaoni. Zingatieni jinsi zilivyouzwa.

Katika madhehebu yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba kitu mahususi ambacho mnunuzi hajakiona hakiuziki. Kuona sehemu kunatosha pale tu sehemu inapojulisha kilichobaki, kama ngano: juu ya lundo na chini ya lundo ni ngano ile ile. CD hazifanani na ngano. Kuiona ya juu hakukuambii lolote juu ya ya chini yake. Wenzetu Mahanafi wanaruhusu kuuza kisichoonekana, lakini mnunuzi anapokiona ana hiari ya kukubali au kukataa. Kwa hiyo kijana alipanga CD zote mkekani mstari kwa mstari, akapiga picha mbele na nyuma, kila jina linasomeka. Kila moja ikawekwa kwenye deki. Inayoganda ikaandikwa inaganda. Na zile za Bongo zenye Part 1 bila Part 2, ambazo zilikuwa 17, zikaandikwa peke yake, maana mtu anayenunua nusu ya kisa akidhani ni kisa kizima ameghushiwa hata kama CD yenyewe ni mpya.

Lile neno “hakuna kurudisha” akalifuta. Wengi mnadhani ukiandika “nauza kama ilivyo” umeshatoka. Rudini kwenye Minhaaj: muuzaji akishurutisha kutohusika na kasoro, sharti hilo linamtoa katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Katika vitu vingine halimtoi. Kasoro uliyomwonyesha mnunuzi akaikubali, hiyo imekwisha. Kasoro uliyoifunika kwa sentensi ya jumla bado iko shingoni mwako.

Na la mwisho ni safari. Mzigo ukiharibika kabla mnunuzi au wakala wake hajaupokea, hasara ni ya muuzaji. Sasa kondakta wa basi ni wakala wa nani? Mnatuma vitu kila siku na swali hili hamjaliuliza, kisha boksi likifika limepondeka mnatukanana kwenye simu. Kubalianeni kabla. Wao walikubaliana kwamba mnunuzi, mtu wa Tanga mjini, ndiye anayelipa basi na ndiye aliyemchagua, na kwamba akifungua boksi ana siku mbili za kusema.

Alinunua 83 kwa shilingi 46,000. Siku ya pili alipiga simu: CD nne zimekwama kwenye deki yake. Kijana akatazama orodha. Tatu zilikuwa zimeandikwa zinaganda. Ya nne haikuandikwa, akamrudishia 500 kwa simu, na makato ya kutuma akayalipa yeye.

Yule wa Dar es Salaam aliandika tena mara mbili akiuliza kama zile 41 bado zipo. Zilikuwa zimeshafukiwa. Kopi zilizokwaruzwa wadogo zake walizitoboa wakazitundika kwa uzi kwenye shamba la mahindi nyuma ya nyumba, ndege wanazikimbia zinapong'aa.

Wallaahu a'lam.